Kiti ni Chako

Kanga ilikuwa na joto.

Dorkasi aliiinua kutoka kwenye kiti alipokuwa ameitandika, akitaka kumvisha Mboni, na viganja vyake vikahisi joto la nguo ambayo mtu ameinuka juu yake sasa hivi. Halikuwa joto la jua. Madirisha yalikuwa hayajafunguliwa, na saa ilikuwa bado moja na nusu ya asubuhi. Aliipapasa tena. Pembeni ilikuwa baridi, katikati ina joto.

"Nani alikuwa amekaa hapa?" aliuliza.

"Nani akae, na sote tuko wima?" Mboni alijibu huku anajitazama kwenye kioo. "Lete nguo, dada, nisije nikazeeka kabla hujanipiga picha."

Wakacheka. Dorkasi akamfunga kanga, akajiambia kwamba mikono yake ndiyo iliyokuwa baridi, na jambo likaishia hapo kwa asubuhi ile.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, Mshambaa, binti wa mwalimu wa Kilutheri aliyefundisha watoto wa wakata mkonge huko Maramba. Miaka saba alikuwa amefanya kazi kwa Mgoa mmoja mwenye studio mjini Tanga, na miaka yote hiyo alikaa chumba cha nyuma na kijembe na brashi, akiwafuta pichani mabwana harusi makunyanzi na mabibi harusi chunusi. Picha alizozitengeneza zilijaa kwenye kuta za watu, lakini hakuna mteja aliyewahi kupigwa picha na mkono wake. Kila alipoomba, Mgoa alimwambia angoje. Alingoja mpaka kungoja kukamchosha.

Ndipo akatokea Bwana Idarusi, mwenye duka la nguo Usagara. Alitaka kalenda ya mwaka 1957: picha kumi na mbili za mwanamke wa pwani amevaa nguo mpya, kanga na magauni, ibandikwe kwenye maduka kuanzia Pangani hadi Mombasa. Wapiga picha wanaume alikuwa ameshawatuma Ngamiani, na kila nyumba ilikuwa imewafungia mlango, maana hakuna mzazi aliyekubali mwanamume baki amshike binti yake kidevu na kumwambia geuka hivi, geuka vile. Mtu akamwambia kuna yule msichana wa chumba cha nyuma.

"Nataka mwanamke aitazame kalenda hii aje dukani kwangu kabla hajanywa chai," Idarusi alimwambia. "Ukiweza, nguo zangu zote utazipiga wewe, na jina lako litaandikwa chini ya kila picha. Usipoweza, hatukujuana."

Dorkasi aliaga studio siku hiyo hiyo, na Mgoa akamwambia akitoka asirudi. Kwa hiyo hakuwa na pa kurudi. Alikuwa na wiki mbili tu, kamera kuukuu ya mbao yenye miguu mitatu, na nyumba ya Bi Kijakazi, Barabara ya Kumi na Mbili, alikopanga chumba. Sebule ilikuwa na mwanga mzuri. Stoo ya uani aliiziba dirisha na mlango kwa kaniki, nguo nyeusi, akaifanya chumba cha giza cha kusafishia picha. Na Mboni, mjukuu wa Bi Kijakazi, binti wa miaka kumi na tisa aliyelelewa na bibi yake tangu utotoni, alikuwa na shingo ya kuvalia nguo na macho ya kuuzia duka zima. Bibi alikubali kwa sababu mpigaji ni mwanamke na kazi inafanyikia nyumbani kwake.

Filamu haikuwa kitu cha kuchezea. Dorkasi akajiwekea utaratibu. Kila asubuhi aliweka kiti mahali pake, akatandika nguo ya siku hiyo juu yake, akaingia chini ya kitambaa cheusi cha kamera kupima umbali na mwanga, ili Mboni akija asisimamishwe sana. Nguo za Idarusi zilikuwa sampuli. Zilikuja bila jina: pale kwenye kanga ambapo huandikwa maneno palikuwa na ukanda mweupe mtupu. Tena zilinuka meli, na Bi Kijakazi alikataa katakata mjukuu wake avishwe nguo yenye harufu ya bandari, kwa hiyo kila moja ilifukizwa udi kwanza. Na kwa kuwa maji matupu yaliacha madoa, Dorkasi aliazima mrashi wa bibi, akanyunyiza marashi ya mawaridi ili mikunjo ilale.

Kisha, kwa mzaha aliouchukua kwa yule Mgoa, aliyekuwa akisema mteja huketishwa kabla hajafika, alikiinamia kiti kitupu na kukiambia, "Karibu, bibi. Kiti ni chako."

Alisema hivyo siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Siku ya nne ndiyo iliyokuwa na joto.

Siku hiyo Mboni alitulia. Hilo lilikuwa jambo geni, kwani Mboni alikuwa hajui kutulia. Siku tatu za mwanzo alicheka mpaka filamu mbili zikaharibika. Sasa alikaa kwenye kiti, akaweka mkono juu ya mkono, akaikazia kamera macho. Chini ya kitambaa cheusi, kwenye kioo cha nyuma ya kamera ambamo watu wote huonekana kichwa chini miguu juu, Dorkasi alimwona akining'inia pale bila kupepesa, na moyo wake ukajaa furaha ya mtu aliyepata alichokitafuta miaka saba. Akabonyeza.

Bi Kijakazi akaingia kutoka sokoni na kikapu chake. Kila arudipo, Mboni huinuka, akampokea kikapu na kumwamkia. Leo hakuinuka. Alimtazama bibi yake toka kichwani hadi miguuni, akainua kidevu, akanyoosha mkono, mgongo wa kiganja juu, kama wazee wanavyoutoa ubusiwe. Akangoja.

"Una nini weye?" Bi Kijakazi aliuliza.

Mboni akapepesa macho. Mkono ukaanguka mapajani. "Shikamoo, bibi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa.

"Marahaba." Lakini Bi Kijakazi aliitikia akiwa amechelewa, na mchana kutwa hakumtania mtu.

Picha ya siku hiyo ilikuwa nzuri kuliko zote. Kwenye ule ukanda mweupe wa kanga palionekana mikwaruzo kidogo, na Dorkasi akailaumu filamu. Siku ya tano mikwaruzo ikazidi, na picha ikawa nzuri zaidi. Siku ya sita Bi Kijakazi alitafuta marashi yake akakuta mrashi mtupu, na Dorkasi, alipomwinua Mboni kidevu, akasikia pumzi yake inanuka mawaridi. Ngozi ilikuwa baridi. Siku ya saba Mboni alisukuma sahani ya wali akaomba yai bichi.

Dorkasi aliyaona yote hayo. Tusimsingizie kwamba hakuyaona. Aliyaona akanyamaza, kwa sababu Idarusi alipoletewa zile picha alizitazama moja moja, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mwanamke huyu ni kama atasema naye. Na kwa sababu zilibaki picha tano, halafu nne. Mambo ya majini yalikuwa mambo ya watu wa pwani. Baba yake alimfundisha hivyo, naye zamani akimtania sana Bi Kijakazi juu ya hadithi zake za pepo. Usiku alisali, akamwombea Mboni apone homa, ingawa Mboni hakuwa na homa, na asubuhi akatandika nguo nyingine kwenye kiti.

Siku ya tisa, baada ya sala ya adhuhuri, aliingia kwenye chumba cha giza. Jua nje lilikuwa la kupasua kichwa. Ndani kulikuwa na taa nyekundu tu, ndogo, na beseni tatu za dawa. Aliitia filamu katika beseni ya kwanza, akaanza kuitikisa taratibu huku anahesabu, na alipofika thelathini, harufu ya dawa ikakatika kama mtu amefunika chungu, na mahali pake ukaja udi.

Hakuna aliyechoma udi saa ile.

Aliendelea kuhesabu kwa sababu hakujua la kufanya. Mboni alitokea polepole, uso mweusi na nywele nyeupe, kama filamu zote zilivyo, na kwenye ukanda wa kanga mikwaruzo haikuwa tena mikwaruzo bali herufi, zimejipanga, zimegeukia upande usio wake, hivyo akaiinua filamu ikidondoka maji, akaigeuza mbele ya ile taa, akasoma: KITI NI CHANGU.

Nyuma yake kiti kikalia. Alikijua kile kilio, mbao zinavyolia mtu anapojiweka sawa, na alijua pia kwamba kiti kilikuwa sebuleni na katika stoo ile hapakuwa hata na kigoda, lakini kililia tena, karibu zaidi, na nguo ikachakarika, na pumzi yenye mawaridi ikamgusa nyuma ya sikio, nyonge, ya subira, pumzi ya mtu aliyekuwa hapo tangu siku ya kwanza akimtazama anavyofanya kazi, na sauti ya mwanamke mtu mzima sana ikamwambia kwa upole, "Fundi."

Dorkasi alichana kaniki kwa kucha akitafuta mlango. Alipotokea uani mwanga ulimpofusha, na kitu cha kwanza alichokiona ulipomrudia uoni ni Mboni, amekaa kwenye kile kiti katikati ya jua kali, mkono juu ya mkono. Hakuna hata tone la jasho.

"Kesho wanivisha nguo gani, fundi?" Mboni aliuliza. Sauti haikuwa yake.

Bi Kijakazi alimkuta Dorkasi amejikunyata nyuma ya pipa la maji, filamu mkononi. Akamvuta chumbani kwake, akafunga mlango, wakazungumza kwa minong'ono.

"Niambie yote ufanyayo asubuhi," bibi alisema. "Usiruke kitu."

Dorkasi akamwambia. Alipofika kwenye yale maneno ya mzaha, Bi Kijakazi akajishika kichwa.

"Mwanangu, huko kwenu milimani kiti ni cha kukalia. Huku, mtu apandwaye na pepo ndiye aitwaye kiti. Na amwitaye pepo aje ni fundi. Weye umefukiza udi, umenyunyiza marashi, umetandika nguo mpya isiyo jina. Una chumba cha giza, una dawa. Halafu ukasema karibu, kiti ni chako, kisha ukaja ukamkalisha mjukuu wangu pale pale. Ulidhani wafanya nini?"

"Nilikuwa napima mwanga, bibi."

"Tangu lini umemwona Mboni hayuko sawa?"

Dorkasi hakuweza kumdanganya. "Siku ya nne."

"Na leo ya tisa," Bi Kijakazi alisema. Hakumgombeza. Alikaa kitandani akalia kimya kimya, na Dorkasi angependelea apigwe.

Kesho yake asubuhi akaletwa Mzee Uweso kutoka Tongoni, mganga wa pepo, mzee mfupi mwenye kikohozi. Mboni alikuwa kitini pale sebuleni, alikokirudisha mwenyewe jioni; tangu hapo hakulala, hakuinuka. Mzee Uweso akafukiza, akasoma, akamuuliza pepo jina lake na atokako. Mboni alimsikiliza kwa adabu mpaka alipomaliza.

"Wewe sikujui," ile sauti ikasema. "Fundi wangu ni yule." Na kidole cha Mboni kikamwonyesha Dorkasi mlangoni.

Mzee Uweso akafunika chetezo chake cha udi. Akamvuta Dorkasi ukumbini.

"Mie sitomweza," alinong'ona. "Aliyemketisha ndiye amwinue. Mpigaji wa picha au mpunga pepo, kwake ni mamoja. Sikiliza. Zichome picha zote alizokaa. Kisha mwinue msichana, ukivunje kiti mbele yake, umwambie: kiti kimevunjika. Neno hilo tu. Usimpe jina, usimpe neno jingine."

"Picha zote?"

Mzee Uweso akamsogezea seredani yenye makaa.

Picha zilikuwa tisa, na siku zilizobaki nne. Dorkasi alizileta zote, filamu na karatasi, na zile zilizomfanya Idarusi ashushe sauti zilikuwa juu. Alizitia kwenye seredani moja moja. Zilijikunja, zikatoa moshi mchungu, naye akaona uchungu kama wa kufiwa, na akajichukia kwa uchungu huo kwa sababu Mboni alikuwa hatua tatu kutoka pale, midomo imeanza kubadilika rangi.

Bi Kijakazi na Mzee Uweso wakamwinua binti. Dorkasi akachukua shoka la kuni, akakipiga kiti mara nne, mpaka hakikuwa kitu ila vipande.

"Kiti kimevunjika," alisema.

Kuku uani waliacha kuparura. Halafu Mboni akacheka, kicheko cha polepole cha mama anayemcheka mtoto.

"Nilipewa kiti," ile sauti ilisema. "Sikupewa mbao."

Na hapo hapo Mboni akaporomoka, wakamdaka, macho yakageuka meupe, na kutoka mbali, kama mtu anayesemea ndani ya kisima, ikaja sauti yake mwenyewe, ile ya mizaha, ile iliyoharibu filamu mbili kwa kucheka. "Dada, nitoe. Huku kuna giza. Nawaona nyote kichwa chini miguu juu, nawaita hamnisikii, nawaita tangu siku ile. Dada, nilidhani wanisikia."

Kifua chake kikapanda, kikashuka, kikachelewa kupanda. Bi Kijakazi akaanza kuliita jina la mjukuu wake. Kilichelewa zaidi. Dorkasi alimtazama Mzee Uweso, na Mzee Uweso akatazama sakafu, na Dorkasi akaziona siku tano zile, siku alizokuwa akimwinua Mboni kidevu baridi na kumwambia tulia hivyo hivyo, umependeza, huku mwenyewe Mboni yuko kizani anamwita, na hofu yote aliyokuwa nayo haikutosha kumfunga mdomo.

"Mwache," alisema. "Kiti ni mimi."

Mzee Uweso alinyoosha mkono amzibe kinywa. Alichelewa.

Hakuna kilichotokea. Upepo haukuvuma, wala mlango haukujipiga. Mboni alivuta pumzi ndefu, akakohoa, akaomba maji, akalia, na alipoona vipande vya kiti sakafuni akauliza nani kamkasirikia fundi seremala. Bi Kijakazi alimkumbatia mpaka binti akalalamika anaumizwa. Dorkasi alijipapasa mikono, akajinusa, akasubiri. Hakuhisi chochote. Mzee Uweso akafunga mfuko wake. Aliwaaga wengine kwa mkono. Dorkasi hakumpa mkono; alimpungia tu, kutoka mlangoni.

Picha zikapigwa upya. Mboni mwenyewe ndiye aliyeng'ang'ania, bibi yake akakubali kwa masharti: uani, juani, wima, bila udi, bila marashi. Walimaliza kumi na mbili kwa siku nne. Katika zote Mboni anacheka, na moja nusu ya mkono wake imefifia kwa sababu alikuwa anamfukuza jogoo. Idarusi alizitazama muda mrefu. "Zile za kwanza zilikuwa nzuri zaidi," alisema. "Lakini hizi zitauza." Akazipeleka Mombasa zikachapwe.

Kalenda ilifika mwanzoni mwa Januari. Dorkasi alikabidhiwa ya kwanza dukani Usagara, akairudisha nyumbani kwa miguu, ameikumbatia kifuani. Alisimama mara mbili njiani kulisoma jina lake, herufi ndogo chini ya picha: Dorkasi wa Maramba. Miezi mitatu ilikuwa imepita. Alikuwa amekula chumvi, ambayo husemwa pepo hawaipendi, amesali kanisani kila Jumapili, amelala usingizi mzuri. Idarusi alikuwa amemwambia magauni ya Idi atayapiga yeye. Alitaka Bi Kijakazi ndiye awe wa kwanza kuiona, kisha Mboni, kisha barua iende kwa baba.

Bi Kijakazi alikuwa uani na ungo wa mchele mapajani. Mboni alikuwa kwenye cherehani, mguu unakwenda. Dorkasi akavuka kizingiti, akatabasamu, akafungua kinywa kumwamkia bibi kama alivyomwamkia kila siku tangu ahamie nyumba ile.

"Marahaba," kinywa chake kikasema.

Hakuna aliyekuwa amemwamkia.

Cherehani ikasimama. Alitaka kucheka, aseme ulimi umeteleza, lakini kucheka hakukuja, na mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe, mgongo wa kiganja juu, ukanyooka mbele yake ukangoja. Kalenda ikaanguka. Pale ulipokuwa ua sasa palikuwa na mwanga mdogo, mbali, kama tundu, na ndani ya mwanga huo Bi Kijakazi alining'inia kichwa chini na ungo wake, na mchele haukumwagika. Dorkasi akamwita. Akamwita tena kwa nguvu zake zote.

Bi Kijakazi aliweka ungo pembeni, akainuka taratibu kwa magoti yake mabovu, akamfuata. Machozi yalikuwa yakimtoka. Akaushika ule mkono kwa mikono miwili, akauinamia.

"Shikamoo," alisema.